Mnarani si gofu la wageni: tulichoonyeshwa juu ya hori la Kilifi

Kuna swali ambalo mtoto wa Pwani huulizwa kila anapovuka Mariakani kwenda bara: "Nyinyi asili yenu hasa ni wapi?" Anayeuliza mara nyingi hana nia mbaya. Lakini swali lenyewe limebeba dhana kwamba Mswahili ni lazima awe ametoka kwengine, akashuka jahazini, akajenga, na pengine siku moja atarudi alikotoka.

Hapa kwetu Jomvu Kuu, ambapo wazee wetu wamelala makaburini kizazi baada ya kizazi, swali hilo huuma. Huuma zaidi linapogeuka kuwa suala la ardhi, kwa sababu anayehesabiwa mgeni hata shamba alilorithi kwa babu yake hutiliwa shaka.

Ndiyo maana tulipowauliza vijana wa mtaa waende wapi wakati wa likizo, wazee walisema wasipelekwe ufuoni tu. Wapelekwe Mnarani. Nilikuwa miongoni mwa waliofuatana nao, na nataka nieleze tulichoonyeshwa kule, kila jiwe lina maana gani, na kwa nini mambo hayo yatuhusu sisi tuliobaki huku kwenye mikoko ya Jomvu.

Kufika kwenyewe

Kutoka Jomvu Kuu wapita Mikindani na Changamwe, waingia kisiwani kwa Makupa, watoka kwa daraja la Nyali, halafu ni barabara ya Malindi moja kwa moja: Kisauni, Bamburi, Mtwapa, Kikambala, Vipingo. Kutoka mjini Mombasa hadi Kilifi ni kama kilomita 60. Mnarani iko upande wa kusini wa hori, yaani upande wetu, kabla hujavuka daraja. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo watu walivuka kwa feri, na wazee wawili tuliokwenda nao walianza kuhadithiana habari za foleni ya feri kabla hata hatujashuka garini.

Mji wa kale uko juu ya jabali. Chini ni maji ya hori, na juu ni magofu, mibuyu mikubwa na upepo. Ukisimama ukingoni waona mlango wa bahari kule mbali, waona na maji yanavyoingia ndani ya nchi. Mtembezaji wetu, kijana wa Kilifi, hakuanza na historia. Aliwauliza vijana: "Kama ni nyinyi mwajenga mji, mbona mpande huku juu, na maji na samaki viko chini?"

Walijibu wenyewe. Juu kuna upepo, mbu ni wachache, na adui hafiki bila ya kuonekana. Chombo kikiingia kutoka baharini chajulikana mapema, na hori lenyewe ni bandari tulivu hata kusi ikivuma. Waliochagua mahali hapa walilijua hori hili, pepo zake na maji yake kupwa na kujaa. Msafiri aliyeteremka jana hachagui hivi.

Jinsi ya kusoma ukuta

Mtu asiyeelekezwa huona mawe tu, hupiga picha, akaondoka. Lakini kuta hizi zasomeka, na kazi ya mtembezaji mzuri ni kukufundisha herufi zake.

Herufi ya kwanza ni jiwe. Kuta nene zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yanayochimbwa nchi kavu, magumu na yenye vishimo. Sehemu za kupendezesha, kama vile fremu za milango na mihrabu, zimetengenezwa kwa matumbawe mengine, yale yanayokatwa baharini yakiwa mabichi. Hayo yakitoka majini huwa laini, fundi huyachonga kama mti. Yakikauka hewani huwa magumu, na nakshi hubaki mamia ya miaka. Chokaa nayo ni matumbawe hayo hayo, yaliyopangwa juu ya rundo la magogo yakachomwa. Kwa hivyo mji mzima, kuanzia msingi hadi plasta, umetoka kwenye pwani hii hii.

Herufi ya pili ni upana wa chumba. Ukipima kwa hatua, vyumba vya nyumba za kale za Waswahili ni virefu lakini vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Sababu ni boriti. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukupi mti mnyoofu wenye nguvu zaidi ya hapo. Palipotakiwa nafasi kubwa, kama msikitini, ilibidi kuweka nguzo katikati. Vijana wetu walilielewa jambo hili upesi kuliko wageni wengi, kwa sababu mikoko wameikuta nyuma ya nyumba zao. Mti unaoota Jomvu ndio uliopima upana wa nyumba kuanzia Lamu hadi Kilwa.

Herufi ya tatu ni msikiti. Mnarani kuna msikiti mkubwa wa Ijumaa na mwengine mdogo ukingoni mwa jabali. Ule mkubwa, kuta zake tunazoziona ni za karne ya 15, na mihrabu yake imezungukwa na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye matumbawe. Herufi zake zimesukwa na kupindana kama ukili, hata kuzisoma ni kazi. Ni miongoni mwa nakshi bora za mawe katika Pwani nzima ya Kenya. Mihrabu yaelekea kaskazini, kwa maana kwetu Makka ni kaskazini. Mmoja wa vijana alitoa simu yake akatafuta kibla. Kilikuwa kile kile.

Msikiti wa kale huendi bila ya kisima na mahali pa kutawadhia. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, alipita Mombasa mwaka 1331. Aliandika kwamba watu wake ni wacha Mungu wanaofuata madhehebu ya Shafi, kwamba misikiti yao ilijengwa kwa mbao kwa ustadi mkubwa, na kwamba mlangoni palikuwa na kisima, mtu akaosha miguu yake kabla ya kuingia. Kumbuka hilo neno mbao, tutalirudia.

Herufi ya nne ndiyo iliyoupa mahali hapa jina: kaburi lenye mnara. Kaburi limezungushiwa ukuta wenye nakshi, na juu yake imesimama nguzo ya mawe. Makaburi ya aina hii utayakuta Malindi karibu na msikiti wa Juma, utayakuta Mambrui, ambako nguzo ilipambwa kwa mabakuli ya Kichina, na utayakuta Kaole karibu na Bagamoyo. Kwa Mombasa, kila anayepita Mbaraki amewahi kuuona mnara wa mawe ulio kando ya msikiti wa kale. Lakini ukenda Bara Arabu au Uajemi kutafuta kaburi la namna hii, hulikuti. Hii ni ada ya watu wa pwani yetu, na ilibuniwa hapa.

Nani aliyejenga?

Hapa ndipo penye ubishi, na ndipo vijana walipouliza maswali mengi zaidi.

Mnarani ilichimbwa na James Kirkman katika miaka ya 1950. Huyu ni Muingereza ambaye ndiye aliyechimba pia Gede kuanzia 1948. Kazi yake ilikuwa kubwa, na bila yeye mengi yangekuwa bado chini ya vichaka. Lakini katika kitabu alichokitoa mwaka 1964 alishikilia kwamba majumba haya ya kale si ya Waafrika bali ni ya Waarabu na Waajemi, na kwamba ustaarabu wao haukuhusiana na watu waliowazunguka. Fikra hiyo haikubaki kitabuni. Iliingia madarasani, iliingia kwenye vijitabu vya watalii, na hatimaye ikaingia kwenye siasa. Sisi tulipokuwa wadogo tuliisoma tukaiamini.

Waliochimba baada yake walikuta mambo tofauti. Kule Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe akakuta msikiti mwengine, na chini ya huo mwengine. Ule wa chini kabisa ulikuwa wa miti na udongo, wa karne ya 8. Yaani mji haukuletwa ukiwa tayari umejengwa. Ulianza kibanda, ukawa wa mbao, ukawa wa mawe, pale pale mahali pamoja. Sasa kumbuka misikiti ya mbao aliyoiona Ibn Battuta Mombasa mwaka 1331. Safari ilikuwa ile ile.

Je, hakuna wageni waliokuja? Walikuja, na hakuna haja ya kulikana hilo kwa kuogopa maneno ya watu. Mwezi wa Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao wakiwa wa miji ya Waswahili, Mtwapa ikiwemo. Ilionekana kwamba kuanzia kama mwaka 1000, damu mbili zilichanganyika. Kwa wengi wa waliopimwa, nusu au zaidi ya asili yao ni ya Afrika, na imepitia zaidi kwa akina mama. Upande wa akina baba una asili kubwa ya Uajemi. Wazee wetu waliokuwa wakijiita Washirazi hawakuwa wakiota ndoto. Na aliyesema Mswahili ni Mwafrika hakukosea pia.

Lakini angalia ni nini kilichoshinda katika ndoa hiyo. Mgeni alikuja na lugha yake, watoto wakaongea lugha ya mama yao. Yapata miaka 2,000 iliyopita, mwandishi wa Kigiriki aliyeandika mwongozo wa mabaharia wa bahari hizi alieleza kwamba manahodha wa Kiarabu waliofanya biashara na mji wa Rhapta, katika pwani hii yetu, walioana na wenyeji na kujua lugha yao. Mgeni ndiye aliyejifunza. Aliyejenga Mnarani alikuwa mjukuu wa mjukuu wa ndoa kama hizo, akaswali akielekea Makka, akazikwa chini ya mnara ambao huko Makka haujulikani.

Mfano wa Wagiriki

Kwa kuwa tumewataja Wagiriki, tulitazame la kwao. Kusini mwa Athens kuna rasi iitwayo Sounion. Juu ya jabali, kama mita 60 kutoka baharini, zimesimama nguzo nyeupe za marumaru za hekalu la Poseidon, aliyekuwa mungu wao wa bahari. Lilijengwa katika karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Watu kutoka ulimwengu mzima hupanda kule kuangalia jua likizama.

Wagiriki wa leo hawamuabudu Poseidon. Ni Wakristo. Lugha yao imebadilika mno, na karne zile zote walitawaliwa na Warumi na Waturuki na wakachanganyika na watu wengi. Pamoja na hayo yote, hakuna anayekwenda Sounion akawaambia: "Hili si lenu, hili ni la watu wengine."

Sisi tuliosimama Mnarani lugha yetu ni ile ile, dini ni ile ile, kibla ni kile kile, hata boriti ni zile zile. Tumebadilika kidogo kuliko Mgiriki alivyobadilika. Basi kwa nini yeye aachiwe gofu lake na sisi letu tutafutiwe mwenyewe ng'ambo?

Walikwenda wapi?

Mnarani ulikuwa sehemu ya Kilifi ya kale, pamoja na Kioni iliyo ng'ambo ya hori na Kitoka iliyo upande wa Takaungu. Watu waliishi hapa tangu karne ya 14 hivi hadi mwanzo wa karne ya 17. Kilichouvunja mji ni mashambulizi ya Wagala, hao tunaowaita leo Waoromo, katika zama ambazo Wareno walikuwa wamekwisha vuruga biashara ya pwani nzima na kujenga Ngome ya Mombasa kuanzia 1593. Msukosuko huo ndio uliowafanya na Wamijikenda, kwa masimulizi ya wazee wao, washuke kutoka Shungwaya na kujenga makaya yao kwenye misitu ya vilimani.

Wengi husimulia mpaka hapo: mji ukafa, watu wakatoweka. Sivyo. Watu hawatoweki, watu huhama.

Muulize mzee yeyote wa Mombasa akutajie Thenashara Taifa. Katika Tisa Taifa atakutajia Wamvita, atakutajia Wajomvu, na atakutajia Wakilifi na Wamtwapa. Hao Wakilifi ni nani ikiwa si watu wa mji huu? Walikuja Mombasa na jina la mji wao, wakapokewa, wakahesabiwa taifa miongoni mwa mataifa, wakaoa na kuolewa. Sisi Wajomvu tumekaa nao baraza moja kwa karne kadhaa.

Mzee mmoja tuliyekwenda nao aliposikia hayo alikaa kitako kwenye kivuli cha mbuyu akasema taratibu: "Kumbe tumekuja kuzuru makaburi ya wakwe zetu." Vijana walicheka, lakini baada ya hapo hakuna aliyepanda tena juu ya ukuta kupiga picha.

Na Jomvu Kuu je?

Mnarani ina uzio, ina mlinzi, ina mtembezaji na iko chini ya Makavazi ya Kitaifa. Gede imeingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Ngome ya Mombasa iliingia 2011, na makaya matakatifu ya Wamijikenda yaliingia 2008, kaya ya jirani zetu wa Rabai ikiwemo. Hayo yote ni ya kushukuru.

Lakini mji wa kale si ule wenye tiketi tu. Huku Bara ya Mombasa, kuanzia Jomvu hadi Likoni, kuna makaburi, visima na misingi ya kuta ambayo haina kibao wala uzio. Shamba hukatwa ploti, tingatinga huja, jiwe la kaburi huwa jiwe la msingi wa nyumba ya kupangisha. Aliyenunua hajui, aliyeuza amenyamaza, na mzee aliyekuwa akijua ametangulia mbele ya haki. Lahaja yetu ya Kijomvu nayo yaenda njia hiyo hiyo: waizungumzao vizuri ni wazee, na wajukuu huwajibu kwa Kiswahili cha shule au kwa Sheng.

Hasara yake ni zaidi ya majonzi. Katika kila kikao cha ardhi, kila tume na kila kesi, huulizwa ushahidi wa ukaaji wa tangu zamani. Kaburi la babu wa babu yako ni ushahidi. Kisima kilichochimbwa na ukoo wako ni ushahidi. Ukikiacha kifukiwe, umepoteza shahidi ambaye hasemi uongo wala hahongwi.

Sheria ipo. Ile Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 yatambua kama mali ya kale vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na anayegundua kitu au jengo la kale atakiwa kuwaarifu Makavazi. Lakini sheria haiwezi kulinda kisichojulikana kipo. Kazi ya kwanza ni yetu, na haihitaji mfadhili.

Kwanza, tuorodheshe. Kila ukoo uandike makaburi na visima vyake viko wapi, vipigwe picha, na mahali pahifadhiwe kwenye ramani ya simu. Nakala moja ibaki msikitini, moja ipelekwe ofisi za Makavazi pale Ngomeni.

Pili, turekodi wazee. Simu ya kawaida yatosha. Waulizwe majina ya mitaa ya zamani, nani alizikwa wapi, nani alitoka wapi, na waulizwe kwa Kijomvu ili lugha nayo ihifadhike.

Tatu, asiuze mtu shamba la ukoo bila ya kuonyesha makaburi na kuyatenga katika ramani ya ploti kabla ya sahihi.

Nne, tuwapeleke watoto wakaone. Pale Sounion mshairi wa Kiingereza, Byron, jina lake limechongwa kwenye nguzo ya hekalu, na hadi leo huonyeshwa watalii kama kichekesho. Kwetu vijana huandika majina yao kwa makaa na misumari kwa sababu hawajaambiwa ukuta ni wa nani. Ukiwaambia ni wa wakwe zao, huacha.

Kwa wanaotaka kwenda Mnarani: nendeni asubuhi kabla ya jua kali, bebeni maji, valieni viatu vya kupandia ngazi, na chukueni mtembezaji wa pale pale badala ya kuzunguka wenyewe. Nendeni pia na mzee mmoja angalau. Safari yetu ijayo, inshallah, ni Jumba la Mtwana, hapo mbele ya Mtwapa, ambapo ni karibu zaidi na nauli ni nafuu. Mwenye kijana wa kumpeleka aje aandikishe jina lake msikitini baada ya swala ya Ijumaa.